Pikipiki Iliyouzwa kwa Maombi

Kila asubuhi kabla ya shule Mwadi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumsaidia mama yake, Mama Hortense, kubeba beseni la unga wa mahindi hadi kwenye meza yake sokoni. Ya pili ilikuwa kumpelekea baba yake chai na mkate karakanani. Baba Godefroid alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Panda, hapa Likasi, ambako nyumba nyingi ni zile za zamani za kambi ya wafanyakazi wa mgodi, zimepangwa mistari na zote zinafanana. Babu yake Mwadi alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, akapewa nyumba mojawapo, akazeekea humo. Familia ikabaki hapo.

Zamani kulikuwa na kazi ya tatu, nayo Mwadi aliipenda kuliko hizo nyingine: kuosha pikipiki. Baba aliinunua dukani ikiwa mpya, nyekundu, ina harufu ya mpira. Wenye pikipiki wengi mjini huona namba ni pambo la matajiri, wakaendesha hivyo hivyo mpaka chombo kife. Baba Godefroid hakuwa hivyo. Alikwenda kwenye ofisi inayoandikisha vyombo vya barabarani, akapanga foleni, akarudi, akaenda tena, mpaka akapewa kadi ya rangi ya waridi yenye jina lake na bamba la namba la kufunga nyuma. Majirani walimtania kwamba anataka kuwa gavana. Yeye alicheka tu na kukaza nati.

Kisha goti lake likaanza kuvimba. Ilipofika kiangazi, wakati wa baridi, hakuweza tena kuipiga teke pikipiki ikawaka. Akasema ataiuza.

Aliyeitaka hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Pitshou, mpiga gitaa wa kanisa lao lililo karibu na reli, kijana mwenye mke, Aimée, na watoto wawili. Alitaka kufanya kazi ya teksi ya pikipiki. Walipatana bei, fedha zikatolewa zote, na Jumamosi moja watu wa kanisa wakakusanyika uani kwa Baba Godefroid, kwa sababu katika kanisa lile hakuna anayepata kitu kikubwa bila kukiombea. Pasta Déogratias alipaka mafuta kwenye usukani, kwenye kiti, hata kwenye taa ya mbele. Aliomba kwa sauti kubwa, kwa kile Kiswahili cha Biblia ambacho watu wa Likasi hukitumia wakiongea na Mungu peke yake.

Maombi yalipokwisha, Baba Godefroid alikohoa kidogo.

"Pasta," alisema, "nilikuwa naomba tuandike. Siku ya kazi twende ku ofisi ya komini na Pitshou na bashahidi babili, tusaini, kisha babadilishe jina ku kadi."

Pitshou aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe zake. "Papa Godé," alisema polepole, "shiye ni bantu ba kanisa moja. Karatasi ya nini?"

Pasta alitabasamu. "Ndugu Godefroid, mafuta hayajakauka bado, nawe unatafuta mashahidi? Shahidi wetu yuko juu."

Watu wakaitikia amina. Baba Godefroid akaona haya. Miongoni mwa watu hawa, kumdai ndugu karatasi baada ya mafuta ni kama kualikwa kula kisha ukamwomba mwenyeji aonje kwanza. Basi akatoa funguo, akatoa na kadi ya waridi yenye jina lake mwenyewe, akampa Pitshou, wakakumbatiana. Jumapili iliyofuata, katika saa ya ushuhuda, Pitshou alisimama mbele ya kanisa zima akasema Bwana amemtoa kwenye kuendesha vyombo vya wengine, amempa moto yake mwenyewe, kwani pikipiki hapa huitwa moto. Alicheza, mkewe akacheza nyuma yake na mtoto mgongoni, watu wakapiga makofi. Mwadi alipiga mpaka viganja vikawasha.

Nami naomba niseme wazi, maana inaniuma: kosa la habari hii lilizaliwa hapo, kati ya watu wema, siku ya furaha, na kila mtu alilisindikiza kwa amina.

Mvua zilipoanza, shule zilikuwa zimekwisha funguliwa. Mwadi alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikaa benchi moja na Numbi, mvulana mwembamba mwenye maneno mengi aliyejua kuiga sauti za walimu wote. Kila siku walirudi pamoja hadi njia panda ya reli, mmoja akaenda kulia na mwingine kushoto. Lakini siku moja ilikuwa zamu ya Mwadi kufagia darasa. Numbi alimsubiri kidogo, wingu likatanda, akasema, "Minye nitangulie, mvua itanipiga." Akaenda peke yake.

Pikipiki ilimgonga pale pale njia panda. Ilikuja mbio ikikimbia mvua, ikamrusha mtaroni, ikayumba, lakini haikusimama. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi pembeni hakumwona dereva vizuri kwa sababu ya koti la mvua. Alichokiona ni pikipiki nyekundu yenye bamba la namba nyuma, na herufi za mwisho akazishika kichwani. Mtaa wa Panda ulijua pikipiki moja tu ya namna hiyo.

Mwadi alikuwa karakanani siku hiyo polisi walipofika. Baba yake alikuwa bado amevaa miwani myeusi ya kazi.

"Hii namba iko yako?" polisi mmoja aliuliza.

"Ilikuwa yangu. Niliuzisha moto, kiangazi."

"Ulimuuzishia nani?"

"Pitshou, wa gitaa."

"Karatasi ya kuuzisha iko wapi?"

Baba Godefroid akaizima mashine yake, akavua miwani, akamwambia Mwadi afunge mlango wa karakana vizuri. Wakamchukua.

Pitshou aliitwa kituoni, akaja amevaa shati la kanisani. Hakukataa kwamba aliwahi kuendesha pikipiki ile. Panda nzima ilimwona. Alichosema ni kwamba hakuwa mwenye nayo. Alikuwa dereva tu, anampelekea Papa Godé fedha za kila siku, kama madereva wengi wanavyofanya kwa wenye vyombo. Na juma lile lile alikuwa amekwisha mrudishia. "Kadi iko na jina ya nani?" aliuliza. Polisi wakatazama daftari lao la namba: Godefroid. Kuhusu goti bovu na pikipiki isiyoonekana kwake, walisema mwenye kosa hakosi kisingizio. Na bila karatasi ya kuuziana, dereva wa kuajiriwa na mnunuzi wanafanana kabisa. Pitshou akaenda nyumbani. Kesho yake gitaa lilikuwepo ukutani kanisani, mwenyewe hayupo.

Habari kutoka hospitali zilikuwa mbaya, kisha zikazidi. Mfupa ulikuwa umevunjika vipande, jeraha likaingia uchafu wa mtaro. Madaktari waliukata mguu wa Numbi chini ya goti.

Mwadi alipouliza kama anaweza kwenda kumwona, mama yake aliendelea kupima unga, basi akaenda mwenyewe. Mama yake Numbi alikuwa ameketi kwenye ngazi za hospitali, kitambaa kimemlegea kichwani. Alimtazama Mwadi kwa muda mrefu.

"Rudia kwenu," alisema. Hakupaza sauti. "Papa yako alipita juu ya mutoto yangu, na hakusimama."

Mwadi alitaka kusema si yeye, lakini aligeuka akaondoka. Darasani nako benchi lao likabaki na mtu mmoja. Wanafunzi waliokuwa wakiazima penseli yake sasa waliazima kwingine, na kijana mmoja, Glody, alimwita mtoto wa muuaji mbele ya wote. Mwalimu alimkemea, lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Mwadi akajifunza kutembea akitazama viatu vyake. Usiku alilia akiwa amejifunika, asimwongezee mama yake mzigo, na mama yake upande wa pili wa pazia akafanya vivyo hivyo.

Alasiri moja akaja Tonton Nicolas, kaka yake Mama Hortense. Kila ukoo una mtu wa namna hii: hana kazi maalumu, lakini hakuna jambo linalomshinda kulieleza. Alikaa, akanywa maji, akatoa mfukoni karatasi nyeupe iliyo safi.

"Dada, tuache kulia. Godefroid aliuzisha ile moto, ao hakuuzisha?"

"Aliuzisha. Weye mwenyewe unajua."

"Njo vile. Kinachokosa ni karatasi tu. Tuandike karatasi, tuweke tarehe ya kiangazi, tusaini. Shemeji anatoka."

Mama Hortense alisita. "Nicolas, hiyo si bongo, si uongo?"

"Bongo ni kusema kintu chenye hakikufanyika. Hii ilifanyika. Ni kweli yenye kuchelewa tu." Akamgeukia Mwadi. "Weye uko na mukono muzuri ya kuandika. Kuja hapa."

Mwadi alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukuta. Siku kadhaa alikuwa amepeleka chakula kituoni na kurudi na sahani iliyoguswa kidogo tu, na mwenzio akizama hutazami kamba imetoka wapi. Aliitikia kwa kichwa.

Basi Mwadi akaandika. Tonton Nicolas alitamka, yeye akafuata, kwa ule mwandiko wake wa duara uliompa sifa shuleni: mimi Godefroid nimemuuzia Pitshou pikipiki nyekundu, namba hii, mbele ya shahidi Nicolas. Akaweka tarehe ya kiangazi. Kalamu yake ilisita kwenye tarehe peke yake. Tonton akasaini kwa jina lake, akasaini kwa jina la shemeji yake, kisha kwa kalamu nyingine akasaini kwa jina la Pitshou, akaipuliza karatasi kana kwamba ni chai ya moto.

Kesho yake asubuhi walikwenda wote watatu. Faili la baba lilikuwa mikononi mwa afisa wa upelelezi aliyeitwa Madame Clotilde, mwanamke mfupi mwenye sauti ya uchovu. Aliipokea karatasi, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Tangu kiangazi," alisema. "Na haikukunjwa hata mara moja. Ilikuwa imelala wapi, kitandani?"

"Ndani ya Biblia, Madame," Tonton Nicolas alisema upesi.

Madame Clotilde hakumtazama. Alikuwa akiutazama mwandiko, kisha kidole cha Mwadi, ambacho kilikuwa na doa la wino wa bluu.

"Ni weye uliandika?"

"Ndiyo, Madame."

"Lini?"

Chumba kilikuwa kidogo na ukutani hapakuwa na kitu ila kalenda. Mwadi alijua jibu lililotakiwa. Tonton Nicolas alikuwa amemfundisha njiani, tena na tena. Neno moja tu, kiangazi, na pengine baba yake angekula nyumbani mchana ule. Moyoni alimwona baba yake akivua miwani ya kazi, akimwambia afunge mlango vizuri. Tena alimwona Pitshou katika shati lake la kanisani, akijibu upesi, bila kutetemeka. Akaona kwamba yeye mwenyewe sasa yuko upande wa Pitshou.

"Jana," alisema. Machozi yakamtoka. "Niliandika jana, Madame. Tonton njo alisaini."

Mama Hortense akashika kichwa. Tonton Nicolas akaanza kueleza mambo mengi kwa Kifaransa. Madame Clotilde aliiweka ile karatasi kwenye faili, na faili likanenepa.

"Mama, unajua munafanya nini?" alisema. "Mbele nilikuwa na muntu mwenye hana karatasi. Sasa niko na muntu mwenye familia yake inatengeneza karatasi ya bongo. Nikimupeleka mbele ya mwamuzi, bataamini nini tena katika maneno yake?"

Tonton Nicolas aliomba ruhusa ya kwenda nje kupiga simu. Alikwenda nje kweli. Baadaye ilisemekana alionekana ndani ya basi la Kolwezi.

Mwadi alifikiri mambo yamekwisha. Lakini Madame Clotilde alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Weye umeniambia kweli yenye inakuumiza," alisema. "Basi niambie na ingine. Siku ya kuuzisha, nani alikuwa pale?"

Mwadi akamweleza yote: uwanja, mafuta kwenye taa, maneno ya baba kuhusu karatasi na maneno ya pasta. Akamweleza na Jumapili ya ushuhuda, jinsi Pitshou alivyosema Bwana amempa moto yake mwenyewe.

"Kanisa mzima ilisikia?"

"Mzima, Madame."

"Muntu wa kuajiriwa hawezi kumushukuru Mungu juu ya moto ya patron yake." Madame Clotilde akaandika kitu. "Nitaita pasta na bale bote benye kuwa ku lupango, pale uani. Lakini minye siwezi kubavuta ulimi. Batakuja bakitaka kusema."

Hawakutaka. Hilo ndilo lililomuuma Mama Hortense kuliko jela. Aliyetumwa kupeleka wito alirudi na majibu ya heshima: huyu anaumwa, yule amesafiri, mwingine alikuwepo lakini alikuwa ameinamisha kichwa katika maombi na hakuona kitu. Mama Hortense akamwendea Pasta Déogratias mwenyewe. Pasta alimkaribisha vizuri, akamsikitikia vizuri, akasema, "Mama, ndugu hampeleki ndugu mbele ya serikali. Tuliweke jambo hili katika maombi."

Mama Hortense akarudi nyumbani, akaivua ile kanga ya akina mama wa kanisa, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Alisema hataenda tena.

Lakini Jumapili Mwadi alivaa gauni lake, akaenda peke yake.

Katika saa ya ushuhuda mtu yeyote huruhusiwa kusimama, hata mtoto; wengine hushukuru kwa kupona malaria, wengine kwa kufaulu mtihani. Mwadi aliposimama, mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, na mnong'ono ukapita benchi hadi benchi. Alitembea hadi mbele. Kipaza sauti kilikuwa juu mno kwake, basi akaongea bila hicho.

"Minye niliandika karatasi ya bongo," alisema. "Nilipeleka ku polisi, juu Papa atoke. Naomba Mungu anisamehe. Naomba na ninyi munisamehe."

Nje treni la madini lilikuwa likipita polepole, naye akangoja lipite.

"Lakini moto Papa aliuzisha kweli. Pitshou alisimama hapa, fasi hii, akasema Bwana amemupa moto yake. Na minye nilipiga makofi. Naomba kuuliza tu: ni minye moja tu nilisikia?"

Wengine walitazama Biblia zao, wengine dari. Pasta Déogratias alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbele, mikono magotini. Mwadi akaanza kurudi kwenye benchi lake.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama nyuma karibu na mlango, na mtoto mgongoni. Alikuwa Aimée, mke wa Pitshou.

"Nilisikia," alisema. "Nilikuwa nacheza nyuma yake, na bote mulinionaka. Ile moto, tuliuzisha mashini yangu ya kushonea juu ya kuipata. Bwana yangu, Pitshou, hakuwa dereva ya muntu." Alifuta uso kwa kiganja. "Iko ku Koni, kwa kaka yake mukubwa. Banaifunika na bashi, taa ya mbele imevunjika. Nilinyamaza juu niko na batoto. Lakini ule mutoto wa muguu, naye eko na mama."

Akakaa. Mzee mmoja mpiga ngoma akasimama akasema naye alisikia. Kisha mama wa kwaya, kisha wengine. Pasta Déogratias alisimama mwisho. Alionekana kama mtu aliyezeeka tangu wimbo wa kwanza.

"Ni mimi niliyesema mafuta yanatosha," alisema. "Kesho nitakwenda kituoni, na atakayenifuata anifuate."

Walikwenda wengi. Polisi waliifuata njia ya Koni, huko kwenye bwawa la umeme, wakaikuta pikipiki chini ya turubai. Kioo cha taa kilikuwa hakipo, na penye ufa wa madigadi ulikuwa umeng'ang'ania uzi wa bluu wa sare ya shule. Pitshou alikamatwa humo humo. Wanasema hakubisha, aliuliza tu nani aliyesema, na alipoambiwa akanyoosha mikono afungwe pingu.

Baba Godefroid alirudi nyumbani amekonda, ndevu zimeota nyeupe. Hakuna aliyepiga vigelegele. Alioga, akala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akalala mpaka siku ya pili. Alipoamka alimwita Mwadi, akamkalisha karibu.

"Madame Clotilde aliniambia yote," alisema. "Karatasi, na jibu lenye ulimupa."

Mwadi aliinama. "Nilikuharibishia, Papa."

"Karatasi iliniharibishia. Jibu lilinitoa. Usivichanganye." Akalisugua goti lake. "Na kosa ya kwanza ilikuwa yangu. Nilijua kazi ya ile kadi, nilipanga foleni juu yake. Lakini nilisikia haya mbele ya bantu, nikaiachilia na jina yangu. Nilizani kuandika ni kumuzarau ndugu. Kumbe kuandika njo heshima. Kama jina ingebadilika, Pitshou angejua hana fasi ya kujificha, pengine angesimama kumuokota ule mutoto. Mashaka yote hii, Mwadi, ni ya siku moja yenye tulikataa kuandika."

Hilo moja, kwamba Pitshou angesimama, Mwadi hakulisahau maisha yake yote. Madaktari walikuwa wamesema jeraha lilifikishwa kwao limechelewa mno.

Baba Godefroid hakuwa na deni kwa mtu yeyote kwa ajili ya mguu ule. Hata hivyo alikwenda hospitali na Mwadi, akasalimu, akaketi kwenye ngazi pamoja na mama yake Numbi. Mama yule hakumwomba radhi Mwadi, na Mwadi hakungoja kuombwa. Mama alisogea tu kidogo, akampa Mwadi nafasi akae.

Huko Panda aliishi mjane aitwaye Mama Estelle. Marehemu mumewe alikuwa hawezi kutembea, akamwachia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Baba Godefroid alitaka kuinunua, aikaze, aichomelee kiti kipya, ampe Numbi aendee shule. Siku ya kuichukua alikuja na Mwadi, pamoja na majirani wawili na kalamu.

Mama Estelle alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Baba Mwadi, hii ni baiskeli ya mugonjwa. Tena unaipa mutoto yatima wa muguu. Karatasi ya nini kati ya shiye?"

"Ni juu ya shiye, mama," Baba Godefroid alijibu. "Kesho muntu akimusimamisha Numbi ku barabara, akamuuliza hii kintu ilitoka wapi, asikose jibu. Na weye, muntu asikusumbue juu ya kintu chenye kilitoka mu mikono yako."

Mama Estelle akafikiri, akaenda ndani, akarudi na kiti kwa ajili ya mwandishi. Mwadi akaandika jina la anayeuza na la anayenunua, rangi ya baiskeli, na namba iliyochongwa kwenye chuma chini ya kiti. Majirani wakasaini. Mama Estelle hakujua kusaini, akaweka dole gumba. Ilibaki tarehe. Kalamu ya Mwadi ikasimama juu ya karatasi, kwa maana siku ile nyingine ilikuwa imemrudia.

Baba yake akaiona kalamu. Akaweka mkono wake mzito wa fundi begani kwake.

"Andika tarehe ya leo, mwanangu," alisema. "Leo njo kweli. Kesho itakuwa bongo."

Mwadi akaandika.